Meza ya Defonsezi na Ubao Uliopima Mtu

Shida yangu ilianza mwaka wa 1968, nikiwa na miaka kumi. Baba yangu, seremala, alibeba msumeno na randa yake akapanda milima kuelekea Bibokoboko, ambako mtu alikuwa amemwita akatengeneze milango. Hakurudi. Siku zile wengi walipanda milima ya Fizi wasirudi, na hakuna aliyekuja kutueleza kitu. Shule niliiacha darasa la pili, nikiwa najua kusoma jina langu na kuhesabu, basi.

Mama hakumzika baba, kwa sababu hakuna aliyejua urefu wake. Hilo nilieleze. Kwetu, mtu akipotea na maiti isionekane, tunakata mgomba wenye urefu wake, tunaufunga shuka lake, tunaulaza katika jeneza na kuuzika. Kipimo kinachukuliwa kwa fimbo au ubao, na ubao huo haubaki juu ya ardhi. Unalazwa kaburini pamoja na mtu. Lakini baba hakuna aliyewahi kumpima. Mimi nilisema tu kwamba nikisimama mbele yake, kipaji changu cha uso kilifika kwenye mfuko wa shati lake. Wazee wakacheka.

“Mutoto, mufuko si kipimo. Shati linapanda, shati linashuka.”

Basi baba akabaki hivyo, bila kaburi, na mama akafa akiwa bado anaangalia njia ya mlimani kila anapofagia. Mimi useremala nilijifundisha peke yangu kwa vyombo vya kuazima. Sikuwa na mwalimu, na sioni aibu kulisema. Waliosoma wanakuja kwangu kulala, maana vitanda vyao nimevitengeneza mimi.

Sasa nije kwenye meza.

Miaka michache iliyopita nilinunua defonsezi iliyotumika. Ni mashine ya mkono yenye kisu kidogo kinachozunguka kwa kasi. Inachimba mifereji kwenye mbao, inaviringisha kingo, inachora yale mapambo ya pembeni ambayo bamama wa mji wetu wa Baraka wanayapenda kwenye kabati. Ubaya wake ni mmoja: ukiishika kwa mikono juu ya kipande kidogo cha mbao, inaruka na kutafuta vidole vyako. Dawa yake ni kuigeuza kichwa chini, kuifunga chini ya meza, kisu kitokeze juu kwenye tundu. Hapo mashine inakaa, mbao ndiyo inatembea.

Meza za namna hiyo, za chuma, zinauzwa mijini. Bei niliuliza mara moja, sikuuliza tena. Nikasema nitajitengenezea.

Uso wa meza niliufanya kwa mbao za paleti, zile zinazobeba mizigo ya kambi ya wakimbizi na kisha kuuzwa sokoni kama kuni. Bado zilinuka sabuni. Nilizipiga randa, nikazipanga ubavu kwa ubavu kwa kukingama, nikazibandika kwa gundi mpaka zikawa kitu kimoja kirefu. Chini nilikaza visi, misumari ya kuzungusha, katikati tu, nikaacha ncha zote mbili huru, maana mbao inapumua na ukiibana kila mahali inapasuka. Katikati nilichimba nafasi nikalaza bamba la chuma kutoka mlango wa lori bovu, nikalitoboa, nikaning'iniza defonsezi chini yake. Miguu ilitoka kwenye dawati la shule lililovunjika. Sikulikalia nikiwa mtoto, likanibebea meza nikiwa mzee. Tumelipana.

Kilichobaki kilikuwa mwongozo, ule ubao ulionyooka unaofungwa juu ya meza ili mbao iuegemee inapopita mbele ya kisu. Mwongozo ukipinda kwa unene wa unywele, kazi yote inapinda. Nilijaribu mbao zangu kwa uzi uliovutwa. Zote zilikuwa na tumbo au mgongo. Nikatafuta kila pembe ya karakana, na nyuma ya mlango nikakuta ubao mwembamba wa mvule, umepigwa randa vizuri, una matundu mawili ya misumari karibu na ncha moja. Nikafumba jicho moja nikautazama kwa urefu wake. Ulikuwa umenyooka mpaka nikafuta jicho na kuutazama tena.

Niliulaza juu ya meza. Ncha ya huku ilikaa sawasawa na ukingo wa huku, na ncha ya kule na ukingo wa kule. Meza ilikuwa na urefu ambao paleti zilinipa. Ubao sikuujua ulikotoka. Na vilikuwa sawa. Sikukata hata vumbi. Siku ile nilifurahi, nikapiga na mluzi.

Mke wangu alisimama mlangoni na sahani ya bugali.

“Hiyo mbao imetoka wapi?”

“Nyuma ya mlango.”

“Na nyuma ya mlango ilifika na nani?”

“We mwanamke, mbao haina pasipoti. Leta chakula.”

Meza ilifanya kazi. Nilitoa fremu za picha, viti vidogo, masanduku ya redio, kingo zote laini kama sabuni. Mafundi wenzangu walikuja kuangalia wakaondoka bila kusema kitu, na hiyo kwetu ndiyo sifa.

Jambo moja tu sikulipenda. Nilipozima jenereta na kisu kusimama, ule ubao uliendelea kulia. Sauti ndogo, ya ndani, kama mtu anayeimba amefunga mdomo huku mikono yake ina kazi. Niliweka kiganja, ikanyamaza. Nikajiambia ni mtetemo unaotafuta pa kutokea. Niliongeza kipande cha mpira wa tairi chini ya mashine. Sauti haikuisha, ila ilijifunza kungoja mpaka nimeipa meza mgongo.

Kiangazi kilifika, mwezi wa sita, upepo mkavu kutoka mlimani. Siku moja nilipopita kando ya meza kitu kilinishika mfuko wa koti la kazi. Nikageuka. Ncha ya ule ubao ilikuwa imetokeza nje ya ukingo, upana wa kidole hivi. Nikaangalia boliti: hazikuwa zimelegea. Nikausukuma kwa kiganja: haukusogea. Kesho yake ukanishika tena mfuko uleule. Mtoto anayetaka kukuambia neno na wewe una haraka, anakushika hivyo hivyo.

Mimi si mtu wa kuogopa. Niliketi juu ya gogo nikafikiri, na jibu nikalipata. Mbao inanenepa na kukonda kwa ubavu, kwa urefu haiendi. Uso wa meza yangu ni mbao nyingi zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Kiangazi kimezikausha, zimekonda zote pamoja, meza imefupika. Mwongozo wenyewe, ambao umelala kwa urefu wake, umebaki ulivyo. Kwa hiyo ubao haukurefuka, meza ndiyo ilirudi nyuma. Nilijisifu. Hakuna aliyenifundisha hilo.

Ndipo alipokuja mama mmoja wa mtaa wa pili, mjane, kuagiza msalaba. Mwanawe wa pekee, kijana wa miaka kumi na saba, alikuwa ameenda kuchimba dhahabu upande wa kusini, na shimo likaanguka. Wenzake walirudi na koti lake tu. Jeneza la mgomba wake nilikuwa nimelitengeneza mimi, wakati wa mvua, kabla sijawaza habari ya meza. Sasa ukoo ulikuwa unataka kumaliza matanga, na siku hiyo msalaba wa muda ungeondolewa, uwekwe wa kudumu.

Alikuwa anaongea vizuri, anachagua mbao. Halafu akaacha ile aliyoishika. Alisogea kwenye meza, akapitisha kidole kwenye yale matundu mawili ya misumari.

“Baba fundi. Hii mbao inafanya nini hapa?”

“Ni mwongozo. Mbao inaegemea hapo.”

“Hii ni ubavu ya kitanda ya mutoto yangu. Hapa alipigilia misumari, akatundika redio. Mi mwenyewe nilikukatia, nikakuletea kwa kipimo.”

Nikamwita mke wangu, na hapo ndipo tulipoelewa wote. Siku ya maziko wabebaji walikuja kuomba ubao wa kipimo. Mimi nilikuwa ninapigilia kifuniko. Mke wangu aliingia, nyuma ya mlango kulisimama mbao mbili, huu wa mvule na kipande cha mkaratusi. Akaona wa mvule ni mzuri mno kwa kaburi, akajua lazima ni mali yangu. Akatoa mkaratusi. Ndio uliozikwa, na mimi, nikijua kipimo kiko kaburini, nilipouona wa mvule sikuukumbuka.

“Nilitaka kukuchungia mbao yako,” akasema mke wangu, mkono mdomoni.

Mama yule hakulia wala hakutukana. Alitueleza jinsi alivyoupata urefu ule. Asubuhi ya kuondoka, kijana alisimama wima kwenye mwimo wa mlango wa nyumba yao, akajichora alama ya mkaa juu ya kichwa. Alimwambia mama yake: “Nikirudi utaona nimefika wapi.” Habari ya shimo ilipokuja, mama alivunja kitanda, akasimamisha ubavu wake kwenye mwimo, akaukata pale alama ilipo.

Nikasema, “Mama, usihangaike. Nitaufungua sasa hivi. Tutafukua kidogo juu ya kaburi, tuulaze, mambo yaishe.”

“Mbona inapita meza?”

Nikamweleza: kiangazi, ubavu, meza imekonda. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Na mvua ikirudi?”

“Meza itanenepa. Vitakuwa sawa tena.”

“Basi uache hapo mpaka mvua irudi. Kama viko sawa, nitauzika kwa mikono yangu, na nitajua nimezika mutoto. Kama haviko sawa...” Akafunika yale matundu kwa kiganja. “Usiuguse, baba fundi. Ukiuzika sasa, unanizikia muntu ambaye bado anakua.”

Nilipaswa kukataa. Niliufikiria mfuko wa shati la baba, nikashindwa kukataa.

Habari ikatembea, kama inavyotembea Baraka. Baba mdogo wa kijana, mdogo wake marehemu mume wa yule mama, alikuja na kofia yake ya Jumapili. Yeye ndiye aliyesimamia matanga. Watoto wawili wa ukoo walikuwa wameugua, na watu walisema ni kwa sababu kaburi limepewa kipimo kisicho chake. Tena matanga yakiisha, shamba la kijana lingegawanywa. Hilo hakulisema, ila lilikaa naye pale kwenye benchi.

“Fundi, umefungua moriki, nyumba ya maiti, hapa? Unachonga fremu za harusi juu ya mutoto yetu?”

“Ninachonga juu ya meza. Mutoto wenu hayuko hapa.”

“Basi toa hiyo mbao.”

“Mama yake amesema mvua.”

“Mama yake! Yule anangojea mbao iote majani.” Akajisogeza kwenye benchi. “Sasa niambie, muzee. Pale kaburini mulizika kipimo ya nani? Ile mukaratusi ilikuwa na urefu ya nani? Labda yako. Umri umefika.”

Mke wangu akadakia kutoka nje, “Basi kaburi linamungoja bure, huyu hata tundu la mortisi anachelewa kumaliza!”

Tulicheka wote watatu. Lakini baada ya hapo nilitafuta kichwani ule mkaratusi ulikuwa na urefu gani, na nilikumbuka kwamba niliwahi kuusimamisha kando yangu, kuona kama unatosha fimbo ya kukaushia nguo. Ulikuwa umenifika wapi? Sikukumbuka. Sikumwambia mtu.

Niliendelea kufanya kazi kwenye meza ile, maana njaa haingoji mvua. Mama alikuja mara kwa mara, mchana, akiwa anatoka sokoni na beseni la ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa. Aliweka kidole kwenye sehemu iliyotokeza, akasalimu, akaondoka. Nilizoea. Kilichonishinda kuzoea ni mimi mwenyewe: nilianza kupita upande mwingine wa meza nikiwa peke yangu, ili nisishikwe mfuko.

Mvua ilirudi. Kwanza kidogo, halafu ile ya kupiga mabati mpaka watu wanaongea kwa mikono. Mbao za meza zilinenepa. Nilizisikia zikilia kwenye gundi. Pale ziliposhikana na bamba la chuma zilibana mpaka kadi ya simu isingeweza kupita, na mwanzoni ilipita. Kwa akili yangu, meza ilikuwa imerudi kwenye urefu wake wote na kuupita.

Ubao bado ulitokeza. Umepungua, ndiyo. Lakini ulitokeza.

Mama alikuja na matope mpaka magotini. Aliweka kidole pale pale. Halafu akaweka kiganja chote.

“Iko na moto.”

Nikaugusa. Ulikuwa na joto, kama mbao iliyotoka kwenye kisu. Jenereta haikuwa na mafuta tangu wiki iliyopita. Nikatazama juu kama kuna tundu kwenye bati linaloingiza jua. Tundu lilikuwepo. Jua halikuwepo, wingu lilifunika ziwa Tanganyika lote mpaka ng'ambo. Nikasema labda ni joto la mbao mbichi zilizolundikwa chini, zinapovunda zinatoa joto. Mama aliniangalia kwa huruma.

Baba mdogo aliposikia, akasema meza ya paleti si shahidi. Tupeleke ubao kwenye mwimo, pale ulipokatwa. Ukikaa sawa na alama ya mkaa, unazikwa siku hiyo hiyo, na asiwepo wa kulia tena. Mama akakubali. Mimi ndiye niliyefungua boliti na kuubeba begani. Njiani watu walinyamaza tulipopita. Kwetu ubao wa kipimo ukibebwa, mtu hasalimu.

Nyumbani kwa mama alama ya mkaa ilikuwepo, imepauka. Nilisimamisha ubao kwenye mwimo. Wote tuliona. Ulipita alama.

Baba mdogo alicheka kwa nguvu. “Sakafu! Shemeji, si ulikandika sakafu upya wakati wa matanga, wageni walipokuja? Sakafu imepanda. Mbao imesimama juu ya matope mapya.”

Ilikuwa kweli. Hata mimi niliona aibu kwamba yeye ndiye aliyeiona kabla yangu. Mama hakubishana. Aliingia ndani akatoka na jembe dogo, akapiga magoti, akakwangua pale chini ya mwimo. Udongo mwekundu mpya ukatoka, halafu tabaka la majivu, halafu ile sakafu ya zamani, nyeusi, ngumu, inayong'aa kwa nyayo za miaka. Akaifuta kwa kanga.

“Simamisha, baba fundi.”

Nilisimamisha. Ncha ya ubao iliishia juu ya mkaa. Kitu kidogo sana. Unene wa ukucha.

Baba mdogo alivua kofia. Aliinama, akaangalia chini kama mwimo umezama, kama mchwa wameula. Akaugonga. Ulilia mzima. Akasimama, akaangalia ile alama na ile ncha. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti, na sasa alisimama kama aliyeitwa jina lake na mtu asiyemwona.

“Mukaa unafutika,” akasema mwishoni, polepole. “Watu wanaegemea mlango.”

“Unafutika kwa juu, shemeji, ao kwa chini?” mama akauliza.

Baba mdogo alirudisha kofia kichwani. “Matanga tuyaache kwanza,” akasema. “Mwaka ujao tutaangalia.” Akaondoka bila kunywa chai, na shamba la kijana halijagawanywa mpaka leo. Wale watoto wawili walipona, na hakuna aliyeniambia ni kwa dawa gani.

Nilimpa mama ubao wake. Akakataa.

“Nikiuweka hapa, utakuwa mbao imesimama kwenye nyumba, nitauangalia nipate wazimu. Kwako unafanya kazi. Yeye alipenda kazi. Uache ufanye kazi mpaka mwenyewe aje kuuchukua.”

Nikaurudisha. Nikakaza boliti pale pale zilipokuwa. Watu wananiuliza kama naamini yule kijana yuko hai. Mimi najibu kwamba mimi ni seremala. Mbao kwa urefu haiendi. Hilo nalijua kuliko ninavyojua kusoma, na nililolishika kwa mikono yangu pia nalijua. Mama anakuja bado. Anaweka kidole, anasalimu, anaenda sokoni. Na mimi, wakati mwingine, nikiwa peke yangu, nasimama mbele ya mwongozo na kuinama mpaka kipaji changu cha uso kifike pale ambapo mfuko wa shati ungekuwa kwa mtu wa urefu ule aliyelala hapo. Halafu naona nimezeeka kwa mambo hayo, nawasha mashine.

Leo mali yangu ni hii. Nyumba moja ya matofali ya kuchoma, mabati juu. Karakana moja ya mbao, bati lake lina tundu. Jenereta moja. Misumeno mitatu, randa mbili, moja ya chuma na moja niliyochonga mwenyewe. Defonsezi moja na visu vyake. Meza moja ya paleti, miguu ya shule. Mke mmoja, mdomo wake hauchoki. Kaburi la baba sina.

Na ubao mmoja wa mvule, wenye matundu mawili ya misumari. Huo si wangu, umewekwa kwangu. Tangu siku ile sijaupima tena.